Paka wangu kaambiwa ana kisukari, nipo Moshi. Chakula na insulini tunavipangaje nyumbani?

MamaKibonge
Wakuu, habari za majukumu. Najua wapo watakaocheka, chekeni halafu mnisaidie.

Nina paka dume, amehasiwa, miaka 11, anaitwa Kibonge na jina lilimfaa mpaka mwaka huu. Ameanza kunywa maji kupita kiasi, hadi anafuata bomba la bustani. Mchanga wa beseni lake kila asubuhi ni tope. Anakula kila anachoona na bado uti wa mgongo unahesabika. Kilichonishtua zaidi ni miguu ya nyuma: anatembea visigino vimelala chini.

Daktari wa mifugo kampima. Sukari kwenye damu 24 (mmol/L), kwenye mkojo imo, ketoni (tindikali zinazojaa mwili ukiunguza mafuta badala ya sukari) hakuna. Kaandika insulini ya glargine, uniti 1 asubuhi na uniti 1 jioni, chini ya ngozi. Foleni ilikuwa ndefu, maelezo nikapewa ya mbio mbio.

Anakula tunachokula sisi: ugali na dagaa, mtori ukibaki, maziwa, na chakula kikavu cha mfuko. Naanzia wapi? Nibadilishe chakula kwanza au nianze sindano? Bomba la sindano gani? Umeme ukikatika dawa naiweka wapi?

KijanaWaKijenge
Paka ana kisukari, anapimwa ketoni. Mimi mwaka wa tatu sijapima hata presha. Endeleeni, navuta kiti.

Sakina_Juu
Pole mama. Ulipoandika mtori nimejua tatizo lilipo. Ndizi zote hizo kwa paka!

KijanaWaKijenge
Huko Moshi wamemnywesha na mbege, msiwaamini.

DaktariWaNgombe
Mama Kibonge, pole. Mimi ni daktari wa mifugo, nipo upande wa Tengeru. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa, ila paka wenye kisukari nimewatibu. Nitakayosema hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika Kibonge, yeye ndiye anayepanga dozi.

Kisukari cha paka wengi kinafanana na kile cha ukubwani kwa binadamu. Kongosho bado linatoa insulini kidogo, lakini mwili umekuwa sugu kwayo. Wanaopata zaidi ni madume waliohasiwa, wenye umri, wanene, wanaoshinda ndani. Kibonge kajaza fomu yote. Miguu hiyo ni neva zimeathirika na sukari ya muda mrefu. Sukari ikitulia wengi huinuka tena, japo ni kwa miezi, si kwa wiki.

Kabla sijaingia kwenye chakula nina swali: mwaka huu aliwahi kuchomwa sindano ya kuwashwa au ya ngozi?

MamaKibonge
Shikamoo dokta. Ndiyo, alichomwa. Alikuwa anajikuna shingo mpaka damu, akaja kijana wa dawa za mifugo akamchoma, na baadaye akarudia. Alipona haraka sana.

DaktariWaNgombe
Marahaba. Kupona haraka namna hiyo kunanifanya nishuku steroidi, dawa za kuzima mwasho na uvimbe. Dawa za kundi hilo, deksamethasoni na ndugu zake, hupandisha sukari na kwa paka aliyekuwa ukingoni humsukuma kabisa, hasa zile zinazokaa mwilini wiki nyingi. Mwambie daktari wako, na usikubali nyingine bila yeye kujua. Upande mzuri ni huu: kama steroidi ndiyo iliyomsukuma, nafasi ya kurudi kuishi bila sindano ipo. Paka, tofauti na mbwa, wapo wanaofikia hapo, hasa wakianza insulini mapema na chakula kisicho na wanga. Wengine baadaye kinawarudia, kwa hiyo upimaji hauishi.

Sasa chakula. Ini la paka halikuumbwa kupokea wanga mwingi kwa mkupuo. Tunataka wanga usizidi takriban asilimia 10 ya nguvu anayopata kwenye chakula. Vyakula vikavu vingi vya mfuko vimevuka hapo mara tatu au zaidi, maana punje haishikamani bila nafaka au viazi. Na mfuko kuandikwa kwamba hauna nafaka si kinga, ndani wameweka njegere. Ugali, wali, ndizi na mkate vitoke. Maziwa pia, yana sukari yake.

Lakini usivitoe leo jioni.

Sakina_Juu
Hapo mwisho umenipoteza dokta. Kama ni sumu kwake si zitoke leo leo?

DaktariWaNgombe
Hapa ndipo watu wanapoua paka kwa nia njema. Ukitoa wanga, sukari inashuka yenyewe, mara nyingine ndani ya siku chache. Ukiwa umeshaanza sindano kwa dozi iliyopangwa paka akila ugali, dozi ileile inakuwa kubwa. Sukari ya juu leo na kesho haimwui Kibonge ikiwa anakula na hana ketoni. Sukari ya chini inaweza kummaliza ndani ya saa chache.

Kwa hiyo chakula na insulini vinakwenda pamoja, na kipimo kinavitangulia vyote viwili. Badilisha chakula taratibu, wiki moja au zaidi, ukipima kila siku, na daktari wako ajue tarehe uliyoanza. Mwenye kipimo nyumbani anaweza kwenda haraka zaidi. Asiye nacho aende polepole mno.

Nesi_Majengo
Naingia hapa kwa sababu ya insulini. Nipo kliniki ya kisukari ya binadamu, si ya paka, lakini chupa ni ileile.

Mama, glargine ya kawaida ya binadamu ina uniti 100 kwa kila mililita. Nunua bomba la insulini la U-100, lile dogo la mililita 0.3, na kama utalipata lenye alama za nusu uniti, ndilo hilo. Uniti moja ni mililita 0.01, tone ambalo hata hulioni vizuri. Bomba la mililita 1 litakudanganya.

Zipo insulini za wanyama za uniti 40 kwa mililita, nazo zina bomba lake la U-40. Ukivuta glargine kwa bomba la U-40 hadi alama ya 1, umechota uniti 2.5. Mara mbili na nusu! Ukiuziwa bomba dukani soma maandishi yaliyo juu yake, usisikilize anayesema "yote sawa tu".

Mzee_wa_Kibosho
Mke wangu anatumia insulini ya Mixtard na imejaa kwenye jokofu. Kwani mama asiombe hiyo? Glargine bei yake si ya mchezo.

DaktariWaNgombe
Mzee, Mixtard 30 ni mchanganyiko: asilimia 30 ni insulini ya haraka na 70 ni ya muda wa kati. Kwa paka inashusha sukari kwa kishindo kisha nguvu ya dawa inaisha mapema, na kabla ya sindano inayofuata sukari imerudi ilikotoka. Na ile chupa ni ya mkeo, tafadhali. Glargine bei iko juu, ila paka anatumia uniti mbili kwa siku, na chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Nunua katriji ndogo ya mililita 3 kama duka linakubali kuuza moja moja.

Mzee_wa_Kibosho
Na vidonge? Metformin tunayo.

DaktariWaNgombe
Kwa paka haisaidii kitu cha maana. Glibenclamide ndiyo kabisa usiiguse. Ipo glipizide iliyowahi kutumika kwa paka wachache. Marekani wameidhinisha vidonge vya bexagliflozin mwishoni mwa 2022 na dawa ya maji ya velagliflozin 2023, lakini hizo zinataka paka achaguliwe kwa vipimo, maana anaweza kuingia kwenye ketoni huku sukari ikionekana nzuri. Si za kuagizia kwa mtu anayekuja kutoka nje.

Mlonge_Asilia
Majani ya mlonge na mdalasini, kijiko asubuhi. Anayetaka aje inbox.

Nesi_Majengo
Tunawapokea wodini watu wanaotoka huko inbox kwako. Muache paka wa watu.

MamaKibonge
Asanteni jamani. Dokta, nimpe nini basi? Makopo ya paka yapo supamaketi lakini nikinunua kila siku mimi nitakula mtori peke yangu.

DaktariWaNgombe
Kopo la nyama laini, lile la "pâté" kuliko lile lenye mchuzi mzito, ndilo rahisi kwa sababu limeshasawazishwa. Mchuzi mzito mara nyingi ni wanga. Kama huwezi kila siku, changanya: kopo kidogo, na chakula cha nyumbani.

Cha nyumbani kwa Moshi wala si kigumu. Moyo wa ng'ombe, firigisi, mapaja ya kuku, dagaa wasio na chumvi walioloweshwa na kuchemshwa, yai lililoiva. Moyo naupenda kwa sababu una taurini nyingi, na paka asiyepata taurini anaharibika moyo na macho. Taurini huyeyukia kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha mpe na supu yake. Kitunguu maji, kitunguu saumu, chumvi ya kukolea, mchuzi wa sufuria yenu: hapana. Maini kidogo tu, mara moja kwa wiki. Kila siku yanajaza vitamini A hadi shingo inakakamaa. Samaki wabichi hapana, wapo wenye kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Dagaa mzima na mifupa yake anasaidia, au ganda la yai lililosagwa likawa unga laini kabisa, nusu kijiko cha chai hadi kimoja kwa nusu kilo ya nyama. Hata hivyo, sitaki uende miezi na miezi kwa chakula cha nyumbani pekee bila daktari kukipitia, kuna vitamini hutaziona zinapokosekana.

Mpime uzito kila wiki. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha bila yeye. Paka huyu ameshakonda kwa ugonjwa, usimpunguzie chakula kwa sababu eti zamani alikuwa mnene.

Sakina_Juu
Naongeza kuhusu mlo na sindano, maana nimelea paka wa hivi hapa Arusha. Mimi nilifundishwa chakula kwanza, nikiona anakula ndipo nachoma. Milo miwili tu, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, katikati hakuna.

DaktariWaNgombe
Kuona anakula kwanza, nakubaliana nawe mia kwa mia kwa anayeanza. Milo miwili tu, inategemea insulini. Zile za U-40 za kati zinataka mlo uende pamoja na sindano. Glargine inatambaa polepole, paka wake anaweza kula vidogo vidogo mara nne bila shida, na wengi ndivyo wanavyopenda.

Sakina_Juu
Wangu alikuwa kwenye U-40, kweli. Haya.

MamaKibonge
Nimenunua mashine ya kupimia sukari ya binadamu. Kibonge hana kidole!

Sakina_Juu
Sikio, mama. Ukingoni kabisa mwa sikio, kwa nje, kuna mshipa mwembamba unapita. Pasha sikio kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, hasa huku kwetu Juni na Julai masikio yanakuwa baridi na damu haitoki. Mpake mafuta ya mgando kiasi kidogo sana ili tone lisisambae kwenye manyoya. Weka pamba nyuma ya sikio, toboa, gusa stripu, kisha bana kwa pamba mpaka damu ikatike. Baada ya hapo apewe kipande cha firigisi, kila mara, hata kama hukupata tone. Wangu alifika mahali akisikia mashine inalia anakuja mwenyewe.

DaktariWaNgombe
Mashine ya binadamu kwa damu ya paka kawaida husoma chini kidogo ya ukweli. Tumia mashine hiyohiyo siku zote na mwambie daktari ni ya binadamu. Na namba za kliniki zisikutishe: paka aliyeogopa anaweza kupanda hadi 16 au zaidi bila kisukari chochote. Ndiyo maana sukari kwenye mkojo ilikuwa muhimu kwa Kibonge, na dalili zake. Figo za paka huanza kumwaga sukari damu ikifika takriban 14 hadi 16.

Kwa wanaoanza mimi nawapa mstari huu: kipimo cha kabla ya sindano kikiwa chini ya 11, usichome kwanza, mpigie daktari wako. Baadaye mstari utashuka mkishamjua paka. Katikati ya sindano mbili, namba ya chini kabisa tunaipenda iwe kati ya 4.5 na 8. Ikienda chini ya 3.5, mlishe, hata kama anaonekana mzima.

Dozi haipandishwi kwa sababu ya namba moja mbaya. Subiri siku 5 hadi 7, glargine inahitaji muda kutulia.

Nesi_Majengo
Kuhusu kuchoma: vuta ngozi ubavuni au begani ifanye hema, ingiza sindano chini ya hema, sukuma, toa. Badilisha upande. Gusa manyoya baadaye, yakiwa yamelowa ujue dawa imemwagika nje, na hapo USIRUDIE. Hujui imeingia ngapi. Sindano moja iliyokosekana haimdhuru, iliyorudiwa inaweza. Mkiwa wawili nyumbani bandikeni karatasi kwenye mlango wa jokofu, anayechoma aweke tiki, la sivyo baba na mama wote watachoma.

Glargine ni maji safi. Ikiwa na ukungu au chembe, tupa. Usiichanganye na kitu. Weka katikati ya jokofu, nyuzi 2 hadi 8, usiiweke karibu na friza. Ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika saa kadhaa acha jokofu limefungwa. Ukikatika kutwa nzima, na Moshi ya Februari mnaijua, iweke ndani ya kikopo kikavu, kikopo ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo, mahali pa kivuli. Wagonjwa wetu wa vijijini wasio na jokofu ndivyo wanavyofanya. Sindano zilizotumika ziende kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, usitupie shimo la taka ambapo watoto wanachezea.

KijanaWaKijenge
Sasa swali la kweli. Ataonyeshaje kwamba sukari imeshuka? Mama yangu mdogo anatumia insulini, yeye anaanza kutukana.

DaktariWaNgombe
Umeuliza vizuri. Paka anaanza kulegea, anayumba, anatafuta chakula kwa fujo au anajificha. Anatetemeka, macho yanakodoa, mwisho degedege. Wengine hawaonyeshi kitu mpaka degedege.

Akiwa anaweza kumeza: chakula mara moja, hata kile kikavu chenye wanga, leo ndiyo siku yake. Akiwa hawezi: asali au maji mazito ya sukari, mpake kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie mdomoni, itaingia mapafuni. Ukimpaka usiingize kidole katikati ya meno akiwa kwenye degedege. Kisha daktari, hata kama ameamka, kwa sababu insulini bado imo mwilini na sukari ya asali inaisha upesi. Chupa ndogo ya asali ikae karibu na chakula chake.

Kinyume chake: akikataa kula, anatapika, amelala tu, pumzi inanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, hizo ni ketoni. Stripu za mkojo za ketoni zipo maduka ya dawa. Mkojo utaupata kwa upawa wa zamani ukimvizia akichuchumaa. Ketoni na kutokula ni dharura ya siku ileile. Na kila asipokula, usichome dozi nzima bila kumuuliza daktari.

MamaKibonge
Narudi na majibu wakuu. Ugali na mtori vimetoka taratibu, maziwa yalikuwa magumu zaidi, alilia mlangoni mpaka jirani akauliza. Anakula moyo wa ng'ombe kutoka Mbuyuni, dagaa, na kopo. Maji anakunywa kidogo sasa, beseni ni mchanga tena. Jana daktari kanielekeza nipime kila baada ya saa 2 kutwa nzima. Kabla ya sindano 15.2, halafu 13, 9.4, 6.1, 5.8, 8.3, na jioni 12.6. Ameniambia nibaki kwenye uniti 1, na akaangalia meno, kuna moja bovu, litang'olewa.

DaktariWaNgombe
Safi sana. Hilo jino ling'olewe kweli, maambukizi ya mdomo au ya kibofu yanazuia insulini kufanya kazi, na unaweza kuona dozi inashuka baada ya hapo. Wiki baada ya kung'oa upime zaidi ya kawaida.

Mzee_wa_Kibosho
Na Desemba inakuja. Nyote mnapanda migombani, paka anabaki na nani?

MamaKibonge
Ndilo linaloniumiza kichwa. Tunakwenda Marangu, na msichana wa kazi naye anakwenda kwao Singida.

Nesi_Majengo
Mpande naye. Chupa iende kwenye kikasha cha baridi, barafu iviringishwe kwenye taulo ili isigusane na dawa. Usibadilishe saa za sindano kwa sababu ya ibada au kuchinja mbuzi, ikichelewa saa moja si kitu. Shida kubwa itakuwa shangazi zako kumpa makande chini ya meza.

Sakina_Juu
Mfunge chumbani siku ya ndafu. Nasema kwa uzoefu.

MamaKibonge
Atafungwa. Na nesi, nikishindwa kumpandisha nitakutafuta, Majengo si mbali.

Nesi_Majengo
Krismasi nipo zamu ya mchana, asubuhi na jioni napatikana. Njoo naye wiki moja kabla anizoee, na ulete stripu zako mwenyewe.